Mkono Ulioacha Pua Wazi

Kuna namna ya kumziba mtoto mdomo isiyotokana na hasira. Kiganja hakikai bapa. Kinajikunja kama cha mtu anayekinga maji ya bomba. Kidole gumba kinaingia chini ya taya, karibu na sikio, na vile vinne vinalala shavu la pili. Ukingo wa juu wa mkono unaishia chini kabisa ya pua bila kuigusa, ili mtoto aendelee kuvuta hewa. Ukimshika hivyo unaweza kukaa naye dakika kumi, unaweza kukaa naye hata saa nzima, na aliye hatua tatu kutoka hapo hatasikia kitu.

Hakuna aliyenifundisha namna hiyo. Niliikuta mkononi mwangu usiku wa kuukaribisha mwaka 2024, hapa Mwanza, binti yangu akiwa na miaka saba. Fataki zilianza kulipuka upande wa ziwani, naye akaruka juu ya kochi akipiga yowe la furaha. Kabla sijawaza neno nilikuwa nimeshamvuta chini, mgongo wake kifuani kwangu, mdomo wake ndani ya kiganja changu. Alikuwa na mafuta ya maandazi midomoni. Meno yake ya mbele, yale mapya yenye ukingo kama msumeno, niliyahisi kwenye ngozi. Hakujitikisa, na hilo ndilo lililonitisha, maana mtoto huyu hatulii hata ukimsuka. Alitulia kama anayejua anachotakiwa kufanya. Fataki zilipokoma nikamwachia. Akageuka, akaniuliza kwa kunong'ona:

"Mama, wameondoka?"

Sikuwa nimemwambia kwamba kuna watu.

Mama yangu mzazi hakuwa mkali. Naomba hili lieleweke tangu mwanzo, kwa sababu nimeona habari za aina hii zinavyosomwa: msomaji anamtafuta mkosaji, akishampata anafunga ukurasa. Mama alitushonea sare kwa mkono wake. Alitembea kwa miguu kwenda na kurudi Kashai kututafutia dawa. Ila nyumba yake pale Bukoba haikutaka sauti. Ukicheka mpaka ukajisahau, alisema, "Unawaita?" Ukiimba bafuni, "Unawaita?" Ukianguka ukalia, mkono ulikuwa umeshafika mdomoni kabla ya pole. Sisi watoto hatukuwahi kuuliza ni akina nani hao tunaowaita. Swali lile lilikuwa kama ukuta wa nyumba; umezaliwa umeukuta, unaegemea, unaendelea.

Baba alifariki mwaka 1994. Alikuwa akikohoa. Mkoa wetu wa Kagera ndiko walikobainika wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini, mwaka 1983, na watu waliuita ugonjwa ule Juliana, jina la nguo zilizokuwa zikivushwa kwa magendo kutoka Uganda, kwa kuwa walioanza kukonda na kufa walikuwa wafanyabiashara wa mpakani. Nyumbani kwetu haukuitwa Juliana, wala haukuitwa lolote. Baba ana kifua, basi. Jioni kikohozi kilipompanda Mama alifunga madirisha yote, na redio, ambayo siku nyingine hatukuruhusiwa hata kuigusa, ikaongezwa sauti. Tukakaa hivyo tukitoka jasho. Dawa za kupunguza makali ya virusi zilianza kutolewa bure nchini mwaka 2004, miaka kumi baada ya sisi kumzika kibanjani kwake. Alipofariki nilikuwa na miaka mitano. Nayakumbuka yale madirisha kuliko ninavyoukumbuka uso wake.

Tarehe 21 Mei 1996, MV Bukoba ilipozama ikikaribia Mwanza, mtaa wetu mzima ulitoka nje. Kila nyumba ilikuwa na mtu wake, au jirani yake, au mtu wa jirani yake. Wanawake walilia kwa sauti kama inavyopasa. Mama alitusukuma ndani akafunga dirisha, akakaa kitandani amejishika mdomo wake mwenyewe.

Nilipokuwa mwalimu wa shule ya msingi, darasa langu lilisifiwa kwa utulivu. Sikuwa mwalimu wa fimbo. Kanuni za nchi zinaruhusu viboko visivyozidi vinne, kwa idhini ya mkuu wa shule na kuandikwa kitabuni, nami sikuhitaji hata kimoja. Niliingia, nikawatazama, wakanyamaza. Wakaguzi walipenda kuletwa darasani kwangu. Leo najiuliza watoto wale zaidi ya sabini waliona nini usoni mwangu.

Ofisi ya walimu ilikuwa na msemo wake, nami nimeusema mara nyingi: mimi nilichapwa, na leo ni mtu. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2009 kuhusu ukatili dhidi ya watoto ulionyesha kwamba karibu robo tatu ya vijana wetu, wa kike kwa wa kiume, walifanyiwa ukatili wa kimwili kabla ya kutimiza miaka 18. Kwa hiyo tulipokuwa tukisimuliana viboko vya utotoni huku tukicheka mpaka chai inamwagika, karibu kila mmoja mezani alikuwa na chake cha kuleta. Nami nilileta changu, ule mkono wa Mama. Niliwaigizia. Walicheka, nikacheka nao.

Baada ya usiku wa fataki nilikwenda kuonana na mshauri nasaha, mama wa makamo mwenye sauti ya chini. Nilimsimulia kisa cha mkono kama nilivyozoea kukisimulia, kwa kicheko. Hakucheka. Akaniuliza, "Ulipozibwa, ulikuwa unasikiaje?" Nikafungua kinywa kujibu, nikakuta sina jibu. Nilikumbuka mkono, nilikumbuka harufu ya kitunguu vidoleni, nilikumbuka hata kanga aliyojifunga. Nilichokuwa nikikisikia mimi ndani yangu hakikuwepo, kama ukurasa uliochanwa.

Yeye ndiye aliyenielekeza kwenye makala ya mwaka 1975 ya Selma Fraiberg na wenzake, waliofanya kazi na akina mama na watoto wachanga huko Michigan, Marekani. Kichwa chake kwa Kiswahili ni kama kusema mizimu katika chumba cha mtoto. Wanasimulia habari za mama mmoja kijana ambaye mtoto wake wa miezi mitano na nusu alikuwa analia, analia kwa kukata tamaa, na mama amekaa pale pale kama hasikii. Hawakumfokea, wala hawakumpa somo la malezi. Walimwuliza habari zake yeye, jinsi alivyolelewa kwa kutupwa huku na kule, wakamwacha aseme na alie. Kilio chake kilipokwisha kusikilizwa, akaanza kumnyanyua mtoto wake. Hoja yao ni kwamba wengi wa wanaorudia mambo waliyotendewa hawajayasahau hata kidogo. Wanayakumbuka yote, tena kwa tarehe. Walichosahau ni maumivu yake. Anayeyakumbuka maumivu yenyewe, mkono wake unasita.

Neno mizimu lilinifikia kwa njia ambayo labda waandishi hawakuikusudia. Kwetu mzimu si mgeni aliyevamia nyumba. Ni ndugu. Ndugu hafukuzwi, anaulizwa ana shida gani.

Lakini unamwulizaje mama yako mzazi? Mtoto wa Kihaya, hata akiwa na miaka thelathini na mitano na mtoto wa kwake, hamketishi mama yake akamhoji. Niliizunguka hoja miezi kadhaa. Nilimpigia simu nikaulizia migomba, nikaulizia mvua, nikakata. Aliyenifungulia mlango ni binti yangu, na hakutumwa.

Novemba 2024 tulikwenda kumsalimia Bibi, mama yake Mama, anayeishi upande wa kaskazini wa Mto Kagera, katika eneo ambalo leo ni Wilaya ya Missenyi. Mama alipanda nasi Bukoba mjini. Karibu na daraja la Kyaka unayaona kilimani magofu ya kanisa lililobomolewa wakati wa vita, yameachwa vile vile. Nimepita hapo tangu utotoni. Shuleni tulifundishwa vita ile kama habari ya ushindi: Nduli Idi Amin wa Uganda alivamia mwishoni mwa Oktoba 1978, akadai mpaka wake ni mto, jeshi letu likamtoa, likamfuata hadi Kampala ikaanguka tarehe 11 Aprili 1979, na mkoa uliokuwa ukiitwa Ziwa Magharibi ukapewa jina la Kagera. Yote ni kweli, na nilipata alama nzuri. Sikuwahi kuulizwa kwenye mtihani walikuwa wapi, katika juma lile la kwanza, watu wenye migomba ile.

Ilikuwa msimu wa senene. Jioni tulikaa chini kwenye nyasi zilizotandikwa sebuleni, vizazi vinne vya wanawake na nyungo mbili katikati, tukiwanyonyoa mabawa na miguu. Kazi hiyo inataka vidole tu, kwa hiyo mdomo unabaki huru. Binti yangu alikuwa anamshangilia kila senene aliyemponyoka. Mama akasema, "Unawaita?"

"Bibi Mkubwa," mtoto akamgeukia mwenye nyumba, "kwa nini Bibi hapendi kelele?"

Nikaacha kupumua. Bibi aliendelea kunyonyoa. "Nilimfundisha mimi," akasema.

Kisha akasimulia, bila kuinua macho kutoka kwenye ungo, kama anayeeleza bei za sokoni. Ilikuwa wakati wa senene kama huu. Walisikia milipuko wakadhani ni radi. Wenye baiskeli walitangulia. Babu alikuwa safarini Bukoba, na upesi ikasemekana daraja la Kyaka limeshapigwa, asingeweza kurudi. Bibi akamfunga mtoto wa miezi minne mgongoni, akamshika mkono yule wa miaka tisa, ambaye ndiye Mama, wakaelekea mtoni kutafuta mtumbwi. Mchana walilala migombani, usiku walitembea. Kuna mahali askari walipita karibu kiasi cha kusikia wanachoongea.

"Walikuwa wanaongea Kiswahili," Bibi alisema. "Ndiyo shida. Jeshi la Amin nalo lilikuwa la Kiswahili. Nikashindwa kujua ni wetu au ni wao. Wa mgongoni nikamleta mbele nikampa ziwa. Huyu nikamziba. Hivi."

Akajifuta mkono kwenye kanga, akajishika mdomo wake. Gumba chini ya taya, vidole vinne shavuni, ukingo chini ya pua.

"Unaacha pua," akamweleza binti yangu, kwa uangalifu, kama anayemfundisha kumenya ndizi. "Mwenzetu mmoja hakuacha."

Akachukua senene mwingine. Hakueleza zaidi, na hakuna aliyemwomba aeleze. Baadaye kidogo akasema kwamba mwaka ule senene walianguka wengi kuliko miaka yote, na hapakuwa na mtu wa kuwaokota.

Ndipo Mama aliposema, "Haikuwa usiku."

Mimi, binti yake wa kwanza, nilikuwa sijamsikia kamwe akiitaja vita ile.

"Kulikuwa kumeshapambazuka," Mama akaendelea. "Niliviona viatu vyao. Kimoja kamba yake ilikuwa imefunguka, anaikanyaga. Nami nilikuwa na kikohozi. Kilikuwa kimenipata usiku kwa sababu ya umande. Nikawa nakimeza. Nakimeza, kinapanda, nakimeza."

"Sikujua una kikohozi," Bibi akasema.

"Ungejuaje, ulikuwa umeniziba."

Hakukuwa na lawama ndani ya sauti yake. Bibi akaweka ungo chini. Akamtazama binti yake mwenye miaka hamsini na mitano kwa muda, akamwambia pole. Alilisema kwa Kihaya, na kwa kile Kihaya cha kumwambia mtoto mdogo aliyeanguka. Mama akaitikia, akasimama, akaenda kubandika sufuria jikoni. Tulikula senene wale wamekaangwa kwa mafuta yao wenyewe na chumvi kidogo. Bibi alikula wengi. Usichana wake aliupitisha enzi ambazo mwanamke aliokota senene na kuwanyonyoa, lakini kuwala kulikuwa kwa wanaume.

Usiku ule nililala macho wazi, na swali la mshauri likapata jibu lake. Nilipozibwa mdomo nilikuwa nasikia kwamba nimefanya jambo la kutisha kwa kuwa nina sauti. Nilikuwa nasikia kwamba huko nje kuna kitu, na kwamba Mama anakiogopa kuliko anavyonionea huruma. Nililia hapo kitandani, binti yangu akiwa ubavuni, na nililia kwa sauti ndogo tu, maana mazoea ya miaka thelathini hayaishi kwa jioni moja.

Nimeufikiria sana mkono ule tangu hapo. Siwezi kuuita mbaya. Bila huo mama yangu asingefika mtoni, na mimi nisingekuwepo kuandika haya. Ulikuwa mkono wenye akili. Katikati ya hofu ile ulikumbuka pua. Tatizo lake ni moja, kwamba hapana aliyekwenda kuuambia Nduli amekimbia. Watu walirudi mwaka 1979 wakakuta nyumba hazina mabati na mazizi hayana ng'ombe. Askari wetu waliokufa walizikwa Kaboya kwa heshima wanayostahili, na kila tarehe 25 Julai nchi inasimama kuwakumbuka. Akina mama walirudi na mikono yao, wakaendelea kulea. Kisha ikaja njaa ya bidhaa, ukaja ugonjwa usiotajwa, ikaja meli. Kila msiba uliukuta mkono uko tayari, ukaupa kazi nyingine.

Wako watakaosema nakuza mambo, kwamba mtoto kuambiwa anyamaze ndiyo adabu yenyewe. Nakubali adabu. Binti yangu anapiga magoti kumsalimia Bibi Mkubwa na haingilii mazungumzo ya wakubwa, na sitaki aache. Ninachokitafuta ni tofauti kati ya kumnyamazisha mtoto kwa sababu kuna mgonjwa chumba cha pili na kumnyamazisha kwa sababu mimi nasikia viatu. Kwa nje vinafanana mno. Mwili wangu ndio unaonijulisha: kikiwa cha pili, masikio yanavuma na vidole vinapata baridi. Hapo naiweka mikono yote miwili kichwani, kama mtu aliyepokea habari nzito, mpaka ipite. Binti yangu ameshaizoea. Anasema, "Mama, hawapo." Nami namjibu, "Hawapo."

Sijafika. Mwezi wa nne wa mwaka uliofuata, ndani ya daladala iliyojaa, alikuwa anaimba wimbo wa shule kwa nguvu zote, nami nikamfinya paja mpaka akakatisha neno. Abiria mmoja akaniitikia kwa kichwa, kwamba ndivyo inavyotakiwa. Tuliposhuka nilichuchumaa kando ya barabara, pikipiki zikipita, nikamwomba msamaha. Si jambo rahisi kwetu. Mzazi husema pole, na pole haina mwenye kosa. Mtoto amegongwa na ukuta, pole, mtoto amepigwa na mama yake, pole. Kusema "nimekukosea, nisamehe" kwa mtu ambaye kimo chake kinaishia kiunoni mwako kunakausha koo. Nilisema. Akafikiri. Akaniuliza kama anaweza kuumaliza ule wimbo, akaumaliza wote, beti tatu, tukiwa tumesimama pale pale.

Mama alikuja kukaa nasi wiki mbili wakati wa baridi ya Juni. Amekuwa akisema kidogo kidogo, kwa vipande, na kila mara akiwa na kazi mkononi: jina la mtu aliyewavusha kwa mtumbwi, uji waliopewa ng'ambo. Habari za Baba bado. Simsukumi.

Usiku mmoja binti yangu alishikwa na kikohozi, kile kikavu kinachokuja kwa mfululizo. Kabla sijashuka kitandani nikasikia mlango wa Mama. Nikasimama kwenye korido gizani. Aliwasha tochi ya simu, akaenda moja kwa moja dirishani, akalifunga, akavuta na pazia. Kisha akaketi ukingoni mwa kitanda na kumwinua mtoto akae. Mkono wake wa kulia ukapanda, ukafika usawa wa shingo, ukakaa hapo hewani. Ukazunguka nyuma, ukatulia mgongoni, ukaanza kumpigapiga taratibu katikati ya mabega.

"Kohoa, mama," alikuwa anamwambia. "Usimeze. Kohoa."